Kufua Picha: Shajara ya Kuta za Mikindani kwa Rangi za Maji

18 Mei

Shajara hii inahusu picha saba za rangi za maji za kuta za nyumba kongwe za Mikindani, karibu na Mtwara mjini, na ninaiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuifuata kazi hii au kuiiga, hasa mtu wa pwani ambako unyevu hauna huruma na karatasi. Sizichori nyumba zilizokarabatiwa. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limetengenezwa na kupakwa vizuri, na kwa sababu hiyohiyo ukuta wake haunifai. Ninazozitafuta ni kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, zikapakwa rangi, zikanyeshewa, zikapakwa tena, hata leo katika sehemu isiyozidi kiganja cha mkono unaona weupe, wekundu wa udongo na buluu vinachunguliana.

Nimewahi kuzichora kuta hizo kwa njia iliyozoeleka, yaani kupaka tabaka jepesi, kusubiri likauke na kuweka jingine juu yake, kutoka rangi hafifu kwenda nzito, na kila mara nilipata picha ya ukuta mchafu badala ya ukuta mzee. Nilichelewa kugundua kwamba mimi nilikuwa naongeza tu, ilhali ukuta ule umefika hapo ulipo kwa kuongezwa na kupunguzwa. Kwa hiyo safari hii ninafuata njia niliyoipa jina la kufua. Napaka rangi nzito tangu mwanzo, naiacha ikauke mchana kutwa na usiku kucha, kisha naizamisha karatasi nzima katika karai la maji na kuisugua kwa brashi laini hadi kinachoweza kutoka kitoke. Kinachobaki ndicho msingi wa tabaka linalofuata, na mzunguko huo narudia mara kumi au zaidi kwa kila picha. Kuilowesha picha na kuikwangua si uvumbuzi wangu. Mchoraji Mwingereza Turner, aliyefariki mwaka 1851, alifanya hivyo pia. Ninachotaka kujua ni kama inawezekana kuifanya kazi yote kwa kufua, na kwa rangi zilizotoka hukuhuku kusini.

Nikiri pia kwamba mimi ni mgeni katika karatasi. Kwa miaka tisa nimeandika mabango ya maduka kwa rangi ya mafuta, na hata uchoraji tunaojivunia upande huu wa nchi ulizaliwa kwenye rangi ya namna hiyo: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alitumia rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya hadibodi. Rangi ile hustahimili mvua. Karatasi huogopa hata umande.

Vilivyonunuliwa hadi sasa ni karatasi nane za pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, zenye ukubwa wa sentimita 56 kwa 76, kwa Sh 28,000 kila moja, na mzigo kuletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam Sh 10,000. Brashi mbili Sh 30,000. Vipande viwili vya plaiwudi Sh 24,000. Tepu ya karatasi Sh 9,000. Na kioo kinene cha kusagia rangi Sh 12,000. Wanaojaribiwa kutumia karatasi ya bei nafuu ya massa ya mti wasijisumbue, kwa maana nilijaribu kipande kimoja na kilianza kutoa manyoya katika ufuaji wa pili.

2 Juni

Rangi ya maji ni vitu viwili tu kimsingi: unga wa rangi na gundi ya kuushika. Gundi inayotumika kwa kawaida ni ya mgunga, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Sudan, na hapa Mtwara sikuipata. Lakini mikorosho ya mjomba wangu huko Tandahimba inatoa utomvu kila mahali ilipojeruhiwa, na utomvu huo hukauka juu ya gome ukawa matone magumu ya rangi ya asali. Kwa asubuhi mbili nilikusanya karibu kilo moja bila gharama yoyote isipokuwa nauli. Mjomba aliniuliza kama nina hakika kwamba nilitumwa shule.

Kosa la kwanza lilikuja usiku uleule. Niliiloweka gundi katika kopo la maziwa ya unga lililokuwa na kutu kidogo kwenye ukingo, na kulipokucha nilikuta uji mweusi wenye kuelekea zambarau, unaofaa kuandikia barua kuliko kuchorea. Nilidhani gundi imeoza. Ukweli ni kwamba vipande vya gome vilivyonatia kwenye matone vina tanini nyingi (dutu chungu ya magome), na tanini ikikutana na kutu hutengeneza wino, kwa njia ileile ambayo wino wa zamani wa kuandikia ulitengenezwa. Nilimwaga robo ya kilo.

Marekebisho ni haya. Chagua matone meupe na ya njano tu, bandua gome lote kwa kisu, yaponde, kisha loweka sehemu moja ya gundi kwa sehemu mbili na nusu za maji ya mvua katika chupa ya kioo. Baada ya siku mbili, chuja mara mbili kwa kipande cha kanga kuukuu. Gundi ya mkorosho haiyeyuki yote. Hubaki vipande kama jeli ambavyo havina kazi. Maji yake yana rangi ya chai nyepesi, jambo ambalo haliudhuru wekundu wa udongo ila huifubaza buluu hafifu. Tahadhari moja: anayekusanya gundi msimu wa korosho asichanganye mfuko wa gundi na korosho ghafi, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi.

11 Juni

Mchanganyiko wa kwanza niliufuata kama unavyofanywa na wengi: gundi, unga wa rangi kwa kiasi kinachokaribiana, na asali kijiko kimoja cha chai kwa kila vijiko vinne vya gundi ili rangi isikauke ikapasuka. Nusu lita ya asali ilikuwa Sh 7,000. Kwa pwani hii kiasi hicho ni kosa. Asali huvuta unyevu wa hewa, na baada ya siku tatu rangi ilikuwa bado inanata kama haluwa. Siku ya nne nilikuta sisimizi wamejipanga kutoka dirishani hadi mezani, wamekula kibati chote cha rangi ya mkaa na kuacha vumbi.

Sasa natia matone matano tu ya asali mahali pa kijiko, na mafuta ya karafuu matone mawili ili kuzuia kuvu (kichupa Sh 3,000), na vibati vya rangi nimeviweka juu ya sinia iliyosimama ndani ya beseni la maji, kama bibi yangu alivyokuwa akiukinga mkebe wa sukari. Rangi iliyopungukiwa asali hupasuka ikiwa nene, lakini kwa kuwa nitaifua, nyufa hazinisumbui. Na kwa kweli zimenifaa baadaye.

29 Juni

Udongo mwekundu nimeutoa kwenye shamba la mjomba juu ya uwanda wa Wamakonde, na wa njano nimeuchimba ukingoni mwa korongo nyuma ya Mikindani. Kuusafisha ni kazi ya ndoo na subira: koroga udongo katika maji mengi, ngoja dakika moja mchanga uzame, mimina maji ya juu katika ndoo nyingine, ngoja dakika kumi, mimina tena, kisha kilichobaki kwenye maji ya mwisho kiache kitulie usiku mzima. Tope hilo la mwisho ndilo rangi. La kati nililihifadhi pia nikidhani litafaa kwa sehemu zenye chembechembe. Majibu yake yako katika ingizo linalofuata.

Udongo wa njano ukikaangwa hubadilika. Niliutia kwenye kikaango kikavu juu ya jiko la mkaa nikawa nakoroga kwa saa moja, na kutoka njano ulikwenda rangi ya ngozi ya chungwa bivu, kisha ukawa mwekundu wa tofali. Sababu ni kwamba madini ya chuma yanayoupa unjano yamefungamana na maji, na joto kali huyaondoa maji hayo, yakabaki madini yaleyale yanayowekundisha udongo wa uwandani. Kwa hiyo udongo mmoja umenipa rangi tatu kwa gharama ya mkaa wa Sh 1,000 ambao hata hivyo uliivisha na maharage. Weusi umetoka kwenye mkaa wa vifuu vya nazi, uliosagwa juu ya kioo kwa kitako cha bilauri nilichokikwaruza kwa msasa ili kishike.

20 Julai

Karatasi moja kati ya nane nimeikata vipande vya majaribio, na naona hii ndiyo Sh 28,000 iliyotumika vizuri kuliko zote. Nilipaka kila rangi kwenye kipande chake, nikaacha ikauke siku mbili, nikafua kwa dakika mbili na kulinganisha.

Nilitarajia gundi ndiyo ingeamua kinachobaki. Sivyo. Gundi yoyote, ya mkorosho au ya mgunga, huyeyuka majini na kwenda zake. Baada ya ufuaji wa kwanza rangi iliyobaki haishikwi na gundi tena, imenaswa tu kati ya nyuzi za pamba. Kwa hiyo kinachoamua ni ukubwa wa chembe. Udongo wa tope la mwisho ulibaki kama haya usoni, wekundu mwepesi ulioenea kila mahali. Udongo wa tope la kati ulitoka karibu wote, ukaacha vidoa katika vishimo vya karatasi pekee. Mkaa ulitoka ukaacha moshi. Buluu ya Prussia, niliyoinunua ikiwa tayari katika tyubu kwa Sh 18,000 kwa kuwa buluu haichimbwi hapa, iling'ang'ania hata nilipoisugua kwa mswaki.

Tangu siku hiyo sipangi rangi kwa wepesi na uzito wake, bali kwa namna zinavyokaa baada ya kufuliwa. Zinazong'ang'ania nazipaka mapema na kwa uchache, kwa sababu hazitanisamehe. Zinazotoka kirahisi nazipaka nene na mara nyingi, kwa sababu kila ufuaji huacha mabaki machache tu, na mabaki ya mara kumi ndiyo yanayofanana na ukuta. Zile nyufa za rangi isiyo na asali nyingi huingiza maji chini ya tabaka, nalo hubanduka vipande vipande kama lipu. Sijaona brashi inayoweza kuchora umbo lile.

9 Agosti

Picha ya kwanza ni ukuta wa nyumba isiyo na paa, karibu na maji, wenye matundu ya boriti. Nilitaka ule ung'ao wa fuwele unaoonekana kwenye lipu iliyo karibu na bahari, na kwa kuwa mashamba ya chumvi hayako mbali, nilinunua kikombe cha chumvi ya mawe nikainyunyiza juu ya rangi mbichi. Hila hiyo ni ya kawaida miongoni mwa wachoraji wa rangi za maji: kila punje hunyonya maji yanayoizunguka na kuacha nyota. Nyota zilitoka nzuri ajabu, nami nikazidisha kwa kuchanganya rangi ya tabaka lililofuata kwa maji ya bahari yenyewe.

Asubuhi karatasi ilikuwa na majimaji. Niliianika kivulini kwenye upepo wa kusi na kufika adhuhuri ilikauka. Asubuhi ya pili, majimaji tena. Nikaianika juani, ikakauka kama chapati, na asubuhi ya tatu ikawa imelegea na kuanza kujikunja juu ya ubao. Chumvi ya bahari isiyosafishwa ina chumvi za magnesi ambazo huvuta maji kutoka hewani, na usiku wa pwani una maji ya kumtosha kila mwenye kiu. Picha hiyo isingekauka maisha yake yote, na nikiitia kwenye fremu ya kioo ingeozea humo.

Niliizamisha katika maji ya mvua mara tatu, nusu saa kila mara, nikibadilisha maji, na kwa kipimo cha kienyeji cha kuonja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi nikaridhika kwamba chumvi imekwisha. Nyota za rangi zimebaki, ingawa zimefifia. Wengine wanaweza kutumia chumvi safi ya mezani kwa uchache na kuikung'uta mapema, lakini mimi nimeiacha kabisa. Umbo lilelile nimelipata kwa tope la kati la udongo kunyunyizwa kwa mswaki.

Kuloweka huko kwa muda mrefu kulizaa tatizo jingine. Karatasi ya namna hii mara nyingi hupakwa kiwandani jelatini, yaani gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ili isinywe rangi kama karatasi ya chooni, na baada ya kufuliwa mara sita jelatini hiyo ilikuwa imepungua mno. Nimenunua pakiti mbili za jelatini kwa Sh 16,000 jumla (niliuliza kwanza kama ni ya ng'ombe, maana karai ninalotumia ni la nyumbani), na kila baada ya ufuaji wa nne napaka gramu 4 zilizoyeyushwa katika mililita 200 za maji vuguvugu. Karatasi hurudi kuwa na nguvu.

14 Septemba

Picha ya pili ina dirisha lenye mbao zilizowahi kuwa za buluu. Nilianza na buluu ya Prussia, kwa kufuata kanuni yangu ya Julai, nikaifua mara tatu na ikakaa vema. Kisha nikataka weupe wa chokaa juu yake. Nilikuwa na chokaa mpya ya mfuko, iliyozimwa, ya Sh 6,000, nikaichanganya na gundi na kuipaka nikaenda kulala.

Kesho yake dirisha lilikuwa la kutu. Buluu yote iliyoguswa na chokaa imegeuka hudhurungi, na isiyoguswa imebaki ilivyo, kwa mpaka uliokatwa kama kwa wembe. Nilidhani nimekosea kibati. Nilirudia kwenye vipande vitatu vya majaribio na vyote vitatu vikageuka ndani ya saa moja.

Nilichukua vipande hivyo hadi kwa mzee mmoja wa mtaani ambaye enzi zake alikuwa fundi wa chokaa. Nilimkuta barazani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Umechora msumari?”

“Ni dirisha, babu. Lilikuwa buluu.”

Alikisogeza kipande mbali na macho, akakisogeza karibu, akacheka. “Chokaa mbichi hailali na kila buluu, mjukuu wangu. Inazitafuna. Sisi tulikuwa tukitia buluu ya nguo, ile ya kufulia. Hiyo wanapatana.”

Alikuwa sahihi, na nimeshatafuta sababu. Buluu ya Prussia imeundwa kwa chuma, na chokaa iliyozimwa, ambayo ni alkali kali, huivunja na kuacha chuma chenyewe, yaani kutu. Buluu ya unga ya kufulia, ile ya aina ya zamani, ni ultramarini, rangi nyingine ya buluu ambayo inastahimili alkali na kuchukia asidi. Kwa kuwa siku hizi baadhi huuzwa ikiwa ni dawa ya rangi tu, niliijaribu kwanza: nilikamulia ndimu juu ya chembe chache, na hadi jioni zilikuwa zimepauka na kutoa harufu hafifu ya yai viza, ambayo ndiyo alama ya ultramarini. Pakiti mbili ni Sh 1,000, ukilinganisha na tyubu ya Sh 18,000. Ina vijazio, kwa hiyo iyeyushe, iache itulie na umimine maji mara tatu kabla ya kuisaga.

Jambo la pili alilonipa mzee ni kuniambia niache chokaa mpya. Ninakusanya sasa vipande vya lipu vilivyoanguka chini ya kuta zenyewe. Chokaa ya miaka mingi imekwisha kunywa hewa na kurudi kuwa jiwe, ukali wake umetoka, na ikisagwa vizuri hutoa weupe ambao ukiwa majini hauonekani, kisha hujitokeza taratibu unapokauka. Matumbawe ya kuchoma sitayagusa. Bahari imechokozwa vya kutosha.

Picha ya pili nimeikata. Theluthi ya chini, isiyo na dirisha, nimeihifadhi, na iliyobaki imekuwa vipande vya majaribio.

27 Oktoba

Buluu ya nguo ilileta ugumu wake: haing'ang'anii. Dakika mbili za maji na imekwenda yote. Suluhisho nililolipata ni kupaka jelatini nyembamba juu ya karatasi iliyokwisha kufuliwa, kuiacha ikauke kabisa, kupaka buluu yenye gundi zaidi kidogo, kisha kufua kwa sekunde ishirini tu, kwa maji yanayomiminwa na si kwa brashi. Jelatini katika maji baridi haiyeyuki; huvimba tu, na kuvimba huko hushika chembe za buluu kama matope yanavyoshika unyayo. Niliijaribu njia hii kwenye vipande sita na haikuniangusha hata mara moja.

Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi nilipoifua picha ya tatu, tao la mlango nililolifanyia kazi kwa wiki tano, lenye mizunguko kumi na moja. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilijaza karai kutoka bombani, nikaizamisha karatasi, na kabla sijahesabu kumi maji yakawa ya buluu, kisha mekundu, kisha rangi zote zikaanza kutembea. Niliitoa haraka, lakini karatasi ilikuwa imelegea kama kitambaa. Zilizotoka zilitoka, na zilizobaki zilizama hadi zikaonekana mgongoni mwa karatasi. Kila kitu kilikuwa rangi moja ya matope.

Kwa siku mbili nililaumu jelatini, kwamba ile pakiti ya pili ilikuwa mbovu. Kisha nikagusa bomba. Maji yangu hutoka kwenye tangi jeusi lililo juani, na Oktoba jua la Mtwara halina mzaha. Nilinunua kipimajoto kwa Sh 20,000, nikapima saa tisa ileile: nyuzi 41. Jelatini huanza kuyeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu. Vipande vyangu sita vyote nilivifua alfajiri, kwa sababu tu ndiyo saa ninayopata nafasi. Nilikuwa nimefaulu bila kujua ninachokifanya.

Nilifikiria kuiimarisha jelatini kwa shabu, inayopatikana sokoni na ambayo kweli huifanya isiyeyuke kirahisi. Lakini shabu ina asidi, na asidi ndiyo adui wa buluu niliyokwisha kuichagua, tena hudhoofisha karatasi kadiri miaka inavyokwenda. Njia rahisi zaidi ni mtungi. Nimenunua mmoja wa udongo kwa Sh 15,000, naujaza jioni, na alfajiri maji yake yana nyuzi 24. Tangu sasa hakuna karatasi itakayoguswa na maji baada ya kuchomoza jua. Kipimajoto hakina kazi nyingine, na mwenye mtungi anaweza kutokukinunua.

30 Novemba

Picha ya nne na ya tano zimekamilika bila tukio. Utaratibu uliotulia ni kulowesha karatasi na kuibana kwenye plaiwudi kwa tepu, udongo mwekundu wa tope la mwisho, kufua mara mbili, udongo uliokaangwa na mkaa kwa zamu, kufua mara nne hadi sita, na jelatini katikati, lipu iliyosagwa, kufua mara mbili, jelatini, buluu ya nguo, kumiminia maji. Mwishoni nakwangua kwa kisu mahali jiwe linapotokeza, karatasi ikiwa kavu kabisa. Ikiwa na unyevu hata kidogo huchanika manyoya.

Picha ya tano ndiyo ya kwanza ambayo sikuona haya kumpelekea mzee. Aliitazama kwa muda, akasema lipu ya kona ya kushoto ilipigwa na mtu mvivu. Kona hiyo kweli imevimba hivyohivyo ukutani, na mimi sikuichora makusudi. Nilichofanya ni kufua upande huo kidogo kuliko mwingine.

Mjini wameanza kuniuliza bei. Sijui niseme nini, kwa kuwa picha moja inachukua wiki tano na bango huchukua siku mbili.

12 Januari

Mvua zimeshika, na karatasi iliyokuwa ikikauka kwa siku moja sasa inataka tatu. Picha ya sita nilikuwa nimeifikisha kwenye mzunguko wa nane nilipoona vidoa vya kijivu mgongoni. Kuvu. Jelatini ni chakula chake, na mimi nilikuwa nimeuegemeza ubao ukutani, mgongo wa karatasi ukikosa hewa kwa siku tatu. Niliibandua kutoka kwenye plaiwudi, nikaisugua mgongoni kwa pamba yenye spiriti kidogo, nikaining'iniza kwa vibanio vya nguo katikati ya chumba penye feni. Vidoa vitano havikutoka. Viko nyuma, na sina mpango wa kuvificha. Kwa picha hiyo nimeruka mizunguko miwili na kwenda moja kwa moja kwenye lipu, nayo imetoka nyepesi kuliko nyenzake. Siipendi sana, ila inaeleza hali yake.

Picha zilizokwisha nimezilaza katika sanduku la bati, kila moja kati ya karatasi mbili safi, na mfuko wa mkaa mkavu chini yake ambao naukausha jikoni kila Jumamosi. Mende wamekwisha kutafuna pembe moja ya picha ya nne kabla sijapata sanduku hilo.

Matumizi yote hadi leo ni Sh 395,000, bila kuhesabu nauli, mkaa, chumvi na spiriti. Kati ya hizo, Sh 56,000 ni karatasi mbili zilizoharibika, ya dirisha na ya tao, na Sh 24,000 ni tyubu ya buluu na mfuko wa chokaa mpya ambavyo sivitumii tena. Gundi ya mkorosho bado ninayo nusu chupa.

Karatasi ya saba iko juu ya ubao, imebanwa, haijapakwa kitu. Ninataka kurudia lile tao la mlango. Sitaianza hadi kusi irudi.